Kwa Nini Msomaji Huogopa Riwaya ya Kutisha?

Riwaya ni wino juu ya karatasi, na haiwezi kumdhuru mtu. Hata hivyo, msomaji wa kisa cha kutisha huona moyo ukimwenda mbio, viganja vikitoka jasho na nywele zikimsimama. Wapo wanaokifunga kitabu kwa hofu, kisha wakakifungua tena papo hapo. Hali hii ya kukiogopa kitu kinachojulikana kuwa hakipo, na tena kukifurahia, imewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu.

Lugha ya Kiswahili ina hazina kubwa ya vitabu vya namna hii. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilichapishwa mwaka 1960, na Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla mwaka 1965. Baadaye zilifuata riwaya za Elvis Musiba, kama Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na za Ben R. Mtobwa (1958–2008). Vitabu hivyo vilipita mkono kwa mkono mabwenini hadi vikachakaa.

Yatokeayo mwilini

Ubongo unapopata dalili ya hatari, hupeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi mbili zilizo juu ya mafigo. Tezi hizo humwaga katika damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo huongeza mapigo, njia za hewa mapafuni hupanuka, ini hutoa sukari, na kazi ya tumbo hupungua. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1915 kwamba mabadiliko hayo humwandaa mnyama kupigana au kukimbia. Kusimama kwa nywele pia kuna asili yake: paka aliyeshtuka huonekana mkubwa zaidi kwa adui. Binadamu hana manyoya ya kutosha kumtisha yeyote, lakini misuli midogo iliyo kwenye mashina ya nywele ingali inafanya kazi ileile.

Maneno ya kitabu huamsha picha akilini, na picha hizo hutosha kuuanzisha mpango huu, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko hatari ya kweli.

Mwili peke yake hautoshi

Mwaka 1924 daktari wa Kihispania, Gregorio Marañón, alitangaza matokeo ya kuwadunga sindano ya adrenalini watu zaidi ya 200. Wengi walisema kwamba moyo uliwadunda na mikono ikatetemeka, lakini hawakuwa na hofu. Wengine walisema walijihisi kana kwamba wanaogopa. Basi hofu kamili huhitaji mambo mawili: mwili ulioamshwa, na akili inayoamini kwamba hatari ipo.

Hapo ndipo raha ya msomaji inapopatikana. Mwili wake umeamka, lakini akili inajua kwamba yuko salama na kwamba kitabu kina mwisho. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa saikolojia Dolf Zillmann alitoa maelezo mengine: msisimko wa hofu hauondoki mara moja, hivyo shujaa anapookoka, mabaki ya msisimko huo huizidisha furaha ya msomaji. Lakini watu hawalingani. Yupo apendaye msisimko mkali, na yupo akosaye usingizi kwa kurasa chache tu.

Hofu isiyo na mwisho wa kitabu

Huko Bugarama, mkoani Shinyanga, karibu na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, na katika ukanda wote wa machimbo hadi Geita, jambo hili lina uzito wa pekee. Mchimbaji mdogo hushuka katika duara refu bila kujua kama atapata dhahabu au atafukiwa. Mashaka ya namna hiyo huzaa uvumi, na uvumi hauna jalada la kufunga. Anayeusikia huuamini, na hofu yake hukamilika.

Katika nchi ya Wasukuma, vikongwe wenye macho mekundu wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, ilhali macho huwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi kavu ya ng'ombe waliopikia miaka mingi. Hasa kuanzia mwaka 2007, watu wenye ualbino waliuawa kwa sababu waganga wadanganyifu waliwaambia watu kwamba viungo vyao huleta utajiri. Ualbino ni hali ya kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, inayosababisha upungufu wa rangi ya mwili iitwayo melanini. Nayo dhahabu iliwekwa na maji ya moto yaliyopita katika nyufa za miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hakuna kiungo cha mtu kiwezacho kuihamisha.

Katika kitabu cha Muhammed Said Abdulla, mauaji yanatajwa pamoja na mzimu, lakini Bwana Msa haridhiki na jawabu hilo. Hutafuta ushahidi na sababu za kibinadamu. Msomaji anayemfuata hujizoeza kuogopa na kufikiri kwa wakati mmoja.

Jaribio kwa darasa

Kila mwanafunzi ahesabu mapigo ya moyo kifundoni mwa mkono kwa nusu dakika, kisha azidishe kwa mbili. Mwalimu asome kwa dakika 10 sehemu ya kitabu cha jiografia, na mapigo yahesabiwe tena. Baada ya mapumziko, asome sehemu ya kutisha ya riwaya kwa muda uleule, na hesabu irudiwe. Wanafunzi wote wawe wameketi, na asilazimishwe yeyote kusikiliza. Siku nyingine mpangilio ugeuzwe, ili ijulikane kama tofauti imeletwa na kisa chenyewe au na uchovu. Tarakimu ziandikwe katika jedwali, kisha darasa lijadili: ni nani aliyeogopa, na alijuaje kwamba yuko salama?