Swali la Wodini na Jibu la Maktabani

Kwa miaka mingi, mtoto aliyefikishwa hospitalini akiwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi na mapigo dhaifu ya moyo alitundikiwa dripu na kuachiwa maji yaende kwa kasi. Hoja ilionekana wazi: mzunguko wa damu umedhoofu, basi uongezewe maji upesi ili viungo vya mwili vipate damu ya kutosha. Vitabu vilifundisha hivyo, miongozo ilielekeza hivyo, na wazazi nao walifarijika kuona chupa ikining'inia kando ya kitanda.

Kati ya mwaka 2009 na 2011, watafiti katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania waliipima hoja hiyo kwa jaribio la kitabibu lililojulikana kwa jina la FEAST. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Wa kundi la kwanza walipewa maji ya chumvi kwa kasi, wa pili walipewa albumini kwa kasi, na wa tatu hawakupewa maji ya kasi. Wote walipata matibabu mengine ya kawaida. Baada ya saa 48, asilimia 10.6 ya waliopewa albumini na asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi walikuwa wamefariki. Katika kundi ambalo halikupewa maji ya kasi, waliofariki walikuwa asilimia 7.3. Tiba iliyoaminika kuokoa maisha ilikuwa ikiongeza vifo, takriban watoto watatu zaidi kwa kila mia moja. Jaribio lilisimamishwa kabla ya idadi iliyopangwa kutimia, na matokeo yakachapishwa mwaka huohuo wa 2011.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliosasishwa wa huduma ya dharura kwa watoto mwaka 2016, likiyazingatia matokeo hayo. Kati ya makala na mwongozo ilipita miaka mitano. Katika kipindi hicho, mtumishi wa afya aliyetegemea kitabu alichosomea chuoni hakuwa na njia ya kujua kwamba ushahidi umebadilika. Mwenzake aliyejua mahali pa kutafuta, au aliyekuwa na mtu wa kumtafutia, aliweza kuisoma habari hiyo mapema na kuifikisha katika kikao cha idara yake.

Kazi ya maktaba ya utafiti wa tiba ni kuupunguza umbali huo kati ya ushahidi na kitanda cha mgonjwa.

Zaidi ya rafu za vitabu

Wengi wakisikia neno maktaba hufikiria chumba kimya chenye meza ndefu na vitabu vilivyopangwa. Chumba hicho kingalipo, na wanafunzi wanakihitaji. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya wakutubi wa leo hufanyika kwenye kompyuta na katika madarasa ya mafunzo. Mkutubi wa tiba humsaidia daktari kutafuta ushahidi kuhusu mgonjwa mwenye hali isiyo ya kawaida. Humfundisha muuguzi kutumia hifadhidata za makala za kisayansi, hushirikiana na watafiti wanaoandaa mapitio ya kimfumo, na hutunza hazina ya kidijitali ya tasnifu na makala za chuo.

Hazina hiyo haipaswi kudharauliwa. Tasnifu nyingi za shahada ya uzamili huchunguza matatizo ya wilaya na hospitali mahususi: kwa nini wajawazito huchelewa kufika kliniki, au ni dawa zipi za viuavijasumu zimeanza kushindwa katika wodi fulani. Kazi za namna hiyo mara nyingi hazichapishwi katika majarida ya kimataifa. Zisipohifadhiwa na kuorodheshwa vizuri, wilaya hulipia utafiti uleule mara mbili bila kujua.

Swali kabla ya jibu

Mafunzo ya utafutaji huanza na jinsi ya kuuliza. Mtumishi anayeandika “maji kwa mtoto mgonjwa” atapata maelfu ya makala zisizomsaidia. Wakutubi humfundisha kuligawa swali katika sehemu nne: mgonjwa ni nani, tiba inayofikiriwa ni ipi, italinganishwa na nini, na matokeo yanayotafutwa ni yapi. Kwa mfano wa FEAST, swali linakuwa hivi: kwa watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu, je, maji ya kasi yakilinganishwa na kutoyatoa kwa kasi hupunguza vifo? Swali lililopangwa hivyo lina maneno ya kutafutia ndani yake.

Hatua ya pili ni lugha ya hifadhidata yenyewe. Mgonjwa husema ana presha, muuguzi huandika shinikizo la juu la damu, na hifadhidata huiweka habari hiyo chini ya neno hypertension. PubMed, ambayo hutolewa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani na imekuwa wazi kwa umma bila malipo tangu mwaka 1997, ina orodha maalumu ya istilahi iitwayo MeSH. Kila makala inayoorodheshwa kwa mfumo huo hupewa istilahi zake rasmi, hata kama mwandishi alitumia maneno mengine. Anayeijua orodha hiyo hupata kwa dakika chache kile ambacho mwingine angekitafuta mchana kutwa. Hufundishwa pia kuunganisha istilahi kwa AND, OR na NOT ili kupunguza au kupanua matokeo.

Jambo la tatu ni kuweka kumbukumbu. Mali bila daftari huisha bila habari, na utafutaji usioandikwa hauwezi kurudiwa wala kuhakikiwa. Washiriki huzoezwa kuandika tarehe, hifadhidata waliyotumia na maneno waliyoingiza. Huonyeshwa pia programu za kutunzia marejeo kama Zotero, isiyo na malipo, na Mendeley.

Kuifikia makala kamili

Mara nyingi mtumishi huipata makala anayoitaka, husoma muhtasari wake, kisha hukutana na bei ya kuifungua. Wengi huishia hapo na kufanya uamuzi kwa kutegemea muhtasari. Hilo lina hatari, kwa sababu maelezo ya nani aliingizwa katika utafiti na nani aliachwa aghalabu hupatikana katika makala kamili. Utafiti wa FEAST haukuwahusisha watoto wenye kuharisha wala wenye utapiamlo mkali. Anayesoma matokeo bila maelezo hayo anaweza kumnyima maji mtoto aliyekaukiwa kwa kuharisha, na hilo lingekuwa kosa la kugharimu maisha.

Njia za kuifikia makala kamili zipo. PubMed Central huhifadhi makala zinazosomwa bure. Majarida mengi siku hizi huchapishwa kwa mfumo huria. Aidha, kuna Hinari, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa ushirikiano wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa, ambayo sasa ni sehemu ya mpango wa Research4Life. Kupitia Hinari, taasisi za nchi zenye uwezo mdogo zaidi wa kiuchumi husoma maelfu ya majarida na vitabu bila malipo, na taasisi za nchi nyingine zinazostahili hulipa ada ndogo.

Watumishi wengi hawajui kwamba usajili wa Hinari ni wa taasisi, si wa mtu mmoja mmoja, na kwamba haukuwekwa kwa vyuo vikuu peke yake. Hospitali ya kufundishia, chuo cha uuguzi, ofisi ya serikali au shirika lisilo la kiserikali la nchini linaweza kuomba. Nywila hutunzwa na mkutubi au mtu aliyeteuliwa. Hospitali ambayo haijasajiliwa inaweza kuomba maelekezo katika maktaba ya chuo iliyo karibu.

Kupima kilichopatikana

Makala moja haitoshi kubadilisha tiba. Mfano mzuri ni sindano za steroidi anazopewa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati ili mapafu ya mtoto yakomae. Manufaa yake yalionyeshwa nchini New Zealand na Liggins na Howie mwaka 1972. Lakini mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mkubwa wa nchi sita, Kenya ikiwamo, uliojaribu kuieneza tiba hiyo katika ngazi za jamii. Vifo vya watoto wachanga wenye uzito mdogo havikupungua, na kwa watoto wachanga wote kwa jumla viliongezeka. Kisha mwaka 2020 jaribio la Shirika la Afya Duniani katika hospitali za nchi tano, Kenya ikiwamo tena, liliwahusisha wanawake 2,852 na kuonyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo hivyo.

Je, utafiti mmoja ulikuwa wa uongo? Hapana. Jaribio la 2020 lilifanyika katika hospitali zilizoweza kukadiria umri wa mimba kwa kipimo cha utrasaundi na kumhudumia mtoto aliyezaliwa njiti. Msomaji mwenye mafunzo huuliza: matokeo haya yalipatikana wapi, kwa wagonjwa gani, na je, kituo changu kinafanana na vituo hivyo? Ndiyo maana wakutubi huwaelekeza watumishi waanze na mapitio ya kimfumo, kama yale ya Cochrane, ambayo hukusanya na kupima tafiti zote zilizofanywa kuhusu swali moja.

Mafunzo hugusa pia majarida ya kilaghai. Mtafiti chipukizi hupokea barua pepe inayomsifu na kumwahidi kuchapishiwa makala kwa siku chache, mradi alipe ada. Uhakiki wa wanataaluma wenza haufanyiki, na kazi yake ya miaka huishia mahali pasipoaminika. Kabla ya kutuma makala na kabla ya kulipa chochote, ni vyema jina la jarida lipelekwe kwa mkutubi akalikague.

Kwa mgonjwa na familia yake

Mgonjwa wa leo hufika kliniki akiwa ameshasoma mengi katika simu yake, na si yote ni ya kweli. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala kuhusu watoto 12 iliyopendekeza uhusiano kati ya chanjo ya surua na usonji. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, na tafiti kubwa za baadaye hazikuuona uhusiano huo. Hata hivyo, uvumi wake ungali unasambaa katika makundi ya WhatsApp, na anayeusambaza hajui kwamba PubMed imeiwekea makala hiyo alama ya kufutwa.

Mwananchi anaweza kuanza na MedlinePlus, huduma ya bure inayoeleza magonjwa kwa lugha nyepesi, ambayo ina pia ukurasa wa nyaraka za Kiswahili. Akutanapo na habari ya tiba mpya, ajiulize: imeandikwa na nani, lini, na je, mwandishi anauza kitu? Maswali hayo matatu huzima uvumi mwingi.

Lakini maktaba haitoi tiba. Mkutubi hasomi majibu ya vipimo wala hapendekezi dawa. Mzazi aliyesoma habari za FEAST katika ukurasa huu asikatae dripu ya mwanawe, kwani wapo watoto wengi ambao uhai wao unaitegemea. Amuulize daktari kwa nini inatolewa na itakwenda kwa kasi gani. Daktari naye asilichukulie swali hilo kuwa ni dharau, kwa sababu kuuliza si ujinga, na mzazi aliyeelewa tiba huifuata vizuri zaidi.

Pa kuanzia

Mtumishi aliye mbali na chuo hahitaji kusubiri semina. Achague swali moja lililomsumbua wodini wiki hii, aliandike kwa sehemu nne zilizotajwa, kisha alitafute PubMed kwa simu yake. Akikwama, aliandikie maktaba ya chuo cha tiba anachokifahamu, akieleza swali lenyewe na namna alivyotafuta, bila kutaja jina wala alama yoyote ya kumtambulisha mgonjwa. Jibu atakalopata alipeleke katika kikao cha asubuhi, likajadiliwe na wenzake pamoja na mwongozo wa taifa unaotumika. Tiba ya kituo hubadilika kwa makubaliano ya namna hiyo, wala si kwa uamuzi wa mtu mmoja aliyesoma makala moja usiku.