Chakula cha Shamba na Damu ya Mjini

Katika mwaka wa 1929 daktari mmoja wa Kiingereza, Bwana C. P. Donnison, alitangaza katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet jambo ambalo wenzake wa Ulaya waliliona kuwa la ajabu. Daktari huyo alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Serikali huko Kavirondo ya Kusini, wilaya ambayo makao yake makuu yalikuwa Kisii. Kwa muda wa miaka miwili wagonjwa wapatao 1,800 walilazwa katika hospitali hiyo, wala hakumwona hata mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu. Kisha akawapima watu 1,000 wa sehemu zile. Akaona ya kwamba hadi umri wa miaka 40 hivi vipimo vyao vilikuwa karibu sawa na vya Wazungu, lakini baada ya umri huo shinikizo la Wazungu lilizidi kupanda mwaka kwa mwaka, na la wazee wa Kavirondo halikupanda. Lilielekea kushuka.

Leo mambo yamegeuka. Katika mwaka wa 2015 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima ya Kenya juu ya maradhi yasiyoambukiza, ikaonekana kwamba katika kila watu wazima 100, karibu 24 wana shinikizo la damu lililopanda, na zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani mwao. Ubaya wa maradhi haya ni kwamba aghalabu hayaumi. Mtu huenda kazini, hulima, huzungumza na jirani zake, kisha siku moja kiharusi humwangusha, mkono mmoja ukafa na ulimi ukawa mzito, naye bado ana watoto watatu shuleni na mkopo wa chama cha ushirika haujalipwa.

Sisemi kwamba maisha ya mwaka wa 1929 yalikuwa ya heri. Watoto wengi walikufa kwa malaria na kuhara, na hapana mzazi mwenye akili atakayetamani kurudi huko. Lakini jambo moja lile Bwana Donnison aliliona sawasawa, na yafaa tuulize ni kitu gani kilichotutoka.

Wako wasemao ya kwamba ni damu ya kabila tu, na wengine husema kwamba ni uzee, nao ni amri ya Mungu. Jibu lililo bora lilipatikana papa hapa Kenya. Katika miaka ya 1980 Bwana Neil Poulter na madaktari wenzake walikwenda katika vijiji vya Wajaluo vilivyo kaskazini ya Ghuba ya Ziwa Victoria, wakawapima vijana wenye afya njema. Baadhi ya watu wa sehemu hizo walihamia Nairobi kutafuta kazi, na wengine walibaki nyumbani. Madaktari wakawafuata wahamiaji 325 mjini, wakawalinganisha na watu 267 waliobaki vijijini, kwa muda uliofikia miaka miwili. Habari zote zilichapwa katika mwaka wa 1990.

Watu hao walikuwa wa kabila moja, wa ziwa moja, na umri wao ulikuwa karibu sawa. Hata hivyo shinikizo la damu la wale wa Nairobi lilikuwa juu kuliko la ndugu zao, na tofauti hiyo haikungoja uzee. Ilionekana mapema, baada ya miezi tu. Mikojo yao ilipopimwa, ilionekana kwamba walikuwa wanakula chumvi nyingi zaidi kuliko wenzao, na madini yaitwayo potasiamu, ambayo yamo katika mboga, matunda, viazi na kunde, yalikuwa yamepungua. Mapigo ya moyo pia yalikuwa ya haraka zaidi. Ikiwa miezi michache yaweza kuigeuza damu ya kijana mwenye afya, basi hatuwezi kuulaumu ukoo wake. Hapana budi tuitazame sahani yake.

Figo za mwanadamu ndizo zinazochuja damu na kutoa chumvi iliyozidi kwa njia ya mkojo. Chumvi ikiingia nyingi kuliko uwezo wa figo, hukaa mwilini na kuvuta maji, na maji hayo huongeza wingi wa damu ndani ya mishipa. Moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu, kama mtu anayepiga bomba la maji ambalo mfereji wake ni mwembamba. Potasiamu huzisaidia figo kuitoa chumvi, tena huilegeza mishipa. Kwa hiyo mtu anayeongeza chumvi huku akipunguza mboga hujidhuru mara mbili kwa chakula kile kile.

Kila mwenyeji wa kando ya Ziwa anakijua chakula cha nyumbani: ugali wa mtama uliochanganywa na mihogo, samaki, na mboga chungu kama mnavu na sagaa, ambazo akina mama huzilaza katika maziwa mpaka uchungu uishe. Katika nchi ya Wakikuyu na ya Wakamba kuna mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, mbaazi, kunde, viazi vitamu na ndizi. Na mhamiaji wa Nairobi hula nini? Asubuhi mkate mweupe na chai. Mchana chipsi, kwa kuwa huiva upesi na hushibisha. Jioni ugali wa unga mweupe, na mboga kidogo zilizokaangwa kwa mafuta mengi na kutiwa unga wa pakiti wa kukoleza mchuzi.

Shirika la Afya la Ulimwengu limeshauri ya kwamba mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho si cha chungu kimoja tu. Ni cha kila kitu alichokila tangu alfajiri, pamoja na mkate, ambao una chumvi ijapokuwa ulimi hauitambui, na ule unga wa pakiti, ambao sehemu yake kubwa aghalabu ni chumvi. Hata magadi yanayotumiwa kulainisha mboga na maharagwe yamo katika hesabu, maana ni ndugu ya chumvi. Nimeona mara nyingi katika hoteli za mjini bwana mmoja akiletewa chakula, naye hunyunyiza chumvi kabla hajaonja. Huyo hatafuti ladha, mkono wake umezoea tu.

Mpishi asiiondoe chumvi yote kwa siku moja, kwa maana wa nyumbani watagoma kula. Na aipunguze kidogo kidogo, na baada ya majuma machache ulimi utazoea, hata chakula cha zamani kitaonekana kikali. Ndimu, kitunguu, dhania na tangawizi hutosha kukipa chakula utamu wake. Chumvi kidogo itakayobaki iwe ile ya dukani iliyotiwa madini ya joto, ambayo huzuia tezi la shingo. Mboga na matunda yafikie gramu 400 kwa siku, kwa mfano konzi kadhaa za mchicha au kunde pamoja na ndizi moja na kipande cha papai. Mwenye ugonjwa wa figo asijiongezee vyakula vya potasiamu mpaka amwulize daktari, maana figo mbovu haziwezi kuitoa.

Juu ya unga, yafaa niseme maneno machache. Unga mweupe wa pakiti umeondolewa maganda na kiini cha punje, na pamoja navyo zimeondoka nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini. Madaktari wawili waliofanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, Bwana Hugh Trowell, ambaye kwanza alitumika Kenya, na Bwana Denis Burkitt, waliona kwa miaka mingi kwamba wakulima waliokula nafaka nzima hawakupata maradhi mengi ya tumbo na moyo yaliyowasumbua watu wa Ulaya, na mwaka wa 1975 wakatoa kitabu juu ya habari hiyo. Mahindi yako ukiyapeleka kinuni yakasagwa bila kukobolewa, utapata chakula bora kwa bei ndogo. Ila yawe yamekauka vizuri. Katika mwaka wa 2004 watu 125 walikufa, wengi wao huko Makueni na Kitui, kwa sumu ya kuvu iliyokuwa katika mahindi yaliyowekwa ghalani bila kukauka.

Sasa chai. Sisi makarani hatuwezi kuandika barua tatu bila kikombe. Chai yenyewe haina neno. Sukari ndiyo yenye hesabu. Kijiko kimoja cha sukari ni gramu 4 hivi. Mtu atiaye vijiko vitatu na kunywa vikombe vinne kwa siku amekula gramu 48, wala hajagusa soda wala keki, na kipimo kilichoshauriwa ni kutopita gramu 50, na afadhali 25. Punguza kijiko kimoja mwezi huu, na kingine mwezi ujao.

Mkulima asidhani kwamba maneno haya ni ya watu wa mjini peke yao. Siku ya soko utamwona bwana mmoja akiteremka na kapu la mayai, debe la maharagwe na maziwa ya ng'ombe wake. Anaviuza vyote, kisha anarudi nyumbani na mkate mweupe, soda mbili na kopo la mafuta ya kukaangia. Amebadilisha chakula kizuri kwa kibaya na kulipa nauli juu yake! Fedha za karo lazima zipatikane, hilo twalijua sote. Lakini mwenye shamba aliyetenga vitalu viwili vya mboga karibu na maji ya jikoni, na kuacha robo ya maharagwe yake ghalani, hana haja ya kununua kitoweo kila jioni.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawaliunganishi na chakula, nalo ni furaha ya moyo. Katika mwaka wa 2017 wataalamu wa Australia, wakiongozwa na Bibi Felice Jacka, walitoa habari ya watu 67 waliokuwa na ugonjwa wa huzuni nzito, na ambao walikuwa wakila vibaya. Wengine walifundishwa kwa majuma 12 kula mboga, matunda, kunde, samaki na nafaka nzima, na wengine walipewa mtu wa kuzungumza nao tu. Katika kundi la kwanza yapata theluthi moja walipata nafuu kubwa hata hawakuhesabiwa tena kuwa wagonjwa, na katika kundi la pili walikuwa 8 kwa kila 100. Watu 67 si wengi, wala chakula si badala ya daktari kwa mtu ambaye huzuni imemlemea. Hata hivyo vyakula hivyo ni karibu vile vile alivyovizoea bibi yako kijijini.

Miguu nayo ina sehemu yake. Kijijini mtu hutembea kwenda kisimani, shambani, sokoni na kanisani au msikitini, wala haiti jambo hilo mazoezi. Mjini hupanda matatu kwa safari ya dakika 15, hukaa kitini mpaka jioni, kisha hurudi kukaa tena. Dakika 150 za kutembea kwa haraka katika juma zatosha kumfaa mtu mzima, yaani nusu saa kwa siku tano. Karani anaweza kushuka vituo viwili kabla ya ofisi yake. Mwendo huo hushusha shinikizo la damu, huleta usingizi wa usiku, na hupunguza ule uzito wa moyo unaompata mtu aliyeshinda na mafaili. Afadhali zaidi akipata mwenzake wa kutembea naye, kwa maana upweke wa chumba cha kupanga umewaingiza vijana wengi katika pombe, na pombe nayo hupandisha shinikizo. Waliotoka nyumba moja na kuishi mtaa mmoja wakipika chungu kimoja kwa zamu, watakula mboga zaidi na kutumia fedha kidogo.

Mwisho, upimwe. Kila mtu aliyefika umri wa miaka 18 yafaa apimwe, na aliyepita 40 asikose kila mwaka, hata akijiona ana nguvu za simba. Kazi yenyewe haizidi dakika 10 katika zahanati au kituo cha afya. Usinywe chai ya rangi wala kuvuta sigara nusu saa kabla ya kupimwa. Keti kwa utulivu dakika 5, mgongo ukiegemea, miguu miwili chini na mkono juu ya meza, wala usizungumze wakati kitambaa kinapokaza mkono. Mwuguzi atakutajia tarakimu mbili. Zikiwa 140 kwa 90 au zaidi, usiogope, wala usikimbilie dawa za jirani. Rudi upimwe siku nyingine, na zikibaki hivyo daktari atakueleza la kufanya. Ziandike tarakimu hizo pamoja na tarehe katika daftari, mahali unapoandika karo za watoto na bei ya mbolea, ili mwaka ujao uweze kuzilinganisha.