Kibegi cha chini ya siti

Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia ikirefuka hadi Mpemba, magari mengine hupita upande usio wao, na sisi tunaotoka Tunduma kwa baiskeli tunabakiwa na ukingo wa lami. Ukingo huo umejaa nyuzi za waya, nyembamba kama unywele, zinazoachwa na tairi za malori zilizopasuka. Uzi mmoja ukizama kwenye tairi, utabandika kiraka, utapiga upepo, na kabla hujafika mbali gurudumu liko chini tena. Jumamosi moja nilikuwa na spana tatu na bisibisi mbili. Waya niliung'oa kwa meno.

Ndiyo maana sasa kibegi changu kinaanza na plaizi ndogo. Viraka, msasa, solusheni na pampu havina mjadala. Kuna pia kile kipira chembamba kinachovalishwa kwenye vali ya baiskeli ya Phoenix, ambacho wengi hukidharau: kikioza, pampu yoyote itahema bure.

Mengine nayapima kwa umbali kati ya fundi na fundi, si kwa urefu wa safari. Kwenda Vwawa au Mlowo, kila senta ina mtu mwenye karai la maji ya kutafutia pancha. Huko spana malaya moja inatosha (jina ni la mafundi, si langu).

Tatizo ni kwamba fundi mwenyewe siku hizi ni wa bodaboda. Tyubu ataziba, lakini mwulize kotapini ya kranki uone atakavyokutazama. Kwa hiyo nikiteremka Kamsamba, kwenye joto la bonde la Rukwa, nabeba kotapini mbili, tyubu nzima ya namba 28 na spoku tatu nilizozifunga kwa tepe kwenye fremu. Nyundo siibebi; mawe yapo. Spoku ya upande wa friwili ikikatika naiacha hivyohivyo, maana bila kifaa cha kufungulia friwili, spoku mpya haiingii.

Wabeba mpunga ninaopishana nao huko hawana kibegi. Wana pampu, na ukanda wa tyubu kuukuu uliofungia gunia kwenye karia. Tairi ikichanika, kipande cha ukanda huohuo huzungushwa juu ya tairi na rimu, breki ya gurudumu hilo inafunguliwa, gunia linaendelea.