Mafuta Tunayojipaka Wakati wa Mimba

Wiki iliyopita katika kikundi chetu mwenzetu mmoja mwenye mimba ya miezi sita alitoa tube ya pomadi katika kibeti na kutuuliza kama ni nzuri. Kisanduku alikuwa amekitupa. Aliinunua sokoni Beni kwa sababu madoa meusi yalimtokea mashavuni, na wifi yake akamwambia anazeeka mapema. Tulicheka. Tulipoanza kusoma maandishi madogo, kicheko kikaisha.

Madoa hayo wengi wetu tunayajua. Homoni za mimba huifanya ngozi itoe rangi nyingi, zaidi kwa mama anayeshinda juani shambani au sokoni. Si ugonjwa wala si uchafu, na mara nyingi hupungua yenyewe miezi michache baada ya kujifungua. Kofia pana au mwavuli vinasaidia. Tatizo ni kwamba hatupendi kungoja.

Kwenye tube ile paliandikwa clobetasol. Hiyo ni dawa kali ambayo daktari anampa mgonjwa wa ngozi kwa siku chache, mahali padogo. Sisi tunaipaka mwili mzima, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Huko Dakar, Senegal, watafiti walichunguza wanawake 99 wenye mimba ya miezi 6 hadi 9, na matokeo yakatolewa mwaka 2007. Kati yao, 68 walikuwa wakijichubua wakiwa na mimba. Kwa jumla mimba zao hazikutofautiana sana na za wengine, na tunasema hivyo ili tusitishe mtu bure. Lakini wale waliotumia dawa kali za namna ya clobetasol walikuwa na kondo la nyuma dogo zaidi, na watoto wao walizaliwa na uzito mdogo mara nyingi zaidi.

Kuna pia hydroquinone, ambayo hupenya ngozi kwa wingi na kuingia katika damu; waganga wanashauri mjamzito aiache. Halafu kuna zebaki, ile ile ya wachimbaji wa dhahabu. Inatiwa katika sabuni na krimu fulani za kung'arisha. Inaharibu figo za mama, inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengeka. Inabaki hata kwenye taulo ambalo watoto wengine wanajifutia. Mkataba wa kimataifa wa Minamata unakataza vipodozi vya zebaki, lakini bidhaa zinatufikia Butembo kwa njia nyingi, nyingine kupitia Kasindi, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui anachouza.

Kwa hiyo tusome, kama tunavyowafundisha watoto darasani. Zebaki huandikwa mercure, mercury au calomel. Mkiona onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha au aluminiamu, mshuku zebaki. Kama hakuna maandishi kabisa, au ni mchanganyiko uliopimwa na kijiko kutoka ndoo, msiununue hata kama muuzaji ni jirani.

Jambo lingine ambalo hatusemi sana: ngozi iliyochubuliwa inakuwa nyembamba. Mama akipasuliwa ili mtoto atoke, kushona ni kazi na kidonda kinachelewa kupona.

Basi tujipake nini? Vazelini ya kawaida isiyo na manukato inatosha kwa tumbo linalowasha, na mafuta ya nazi pia. Mtoto mchanga asipakwe kitu chochote cha kung'arisha. Anazaliwa na rangi nyepesi, kisha rangi yake inakuja, tumwache nayo.

Kwa mama aliyejipaka tube kama ile kwa miezi mingi, tunaomba asiiache ghafla peke yake, maana mwili unaweza kuwa umeizoea. Aipeleke kwenye kituo cha afya siku ya CPN na kumwonyesha muuguzi bila haya. Mwenzetu alikwenda Jumanne, na wifi akamsindikiza.

Mkutano ujao kila mmoja alete pomadi na sabuni zake pamoja na visanduku vyake. Tutasoma pamoja, na wenye macho mazuri watawasomea wengine.