Jozi moja ya spika, amplifaya mbili: nani yuko zamu?

Katika kantini na mabwalo ya askari jambo hili hutokea mara kwa mara. Kuna amplifaya ya zamani, nzito kama sanduku la risasi, iliyonunuliwa kwa michango ya askari wenyewe, nayo imepiga muziki wa jioni kwa miaka mingi. Kisha huletwa televisheni mpya, na pamoja nayo amplifaya nyingine ya kisasa kwa ajili ya sauti ya mechi za mpira. Lakini spika zilizo nzuri ni zile zile mbili za tangu hapo, na fedha za kununua nyingine hazipo. Basi hutokea mtu mwenye nia njema, akashika bisibisi.

Katika kantini moja niliyoifahamu, mtu huyo alikuwa koplo. Alizifunga waya za amplifaya zote mbili katika spika zile zile. Sajini alipomwuliza kama hakuna hatari, alijibu, "Hakuna, afande. Moja ikifanya kazi, nyingine itakuwa imezimwa." Kwa siku nne mambo yalikwenda vema. Siku ya tano mtu mwingine, asiyejua lolote juu ya mpango huo, aliwasha televisheni na amplifaya yake ilhali muziki unalia. Hapakuwa na mshindo wowote. Palisikika harufu ya kitu kinachoungua, ukatoka moshi mwembamba, na mchango wa miezi mitatu ukawa umekwenda.

Yafaa tuelewe kilichotendeka, kwa maana kosa hili linafanana sana na akili timamu. Mtu huona kwamba spika mbili zaweza kufungwa katika amplifaya moja zikalia bila taabu; basi kwa nini amplifaya mbili zisifungwe katika spika moja?

Jibu limo katika hesabu ndogo. Ukinzani wa umeme hupimwa kwa omu, kipimo kilichopewa jina la mtaalamu wa Kijerumani, Georg Simon Ohm, aliyeitangaza kanuni yake mwaka 1827. Spika ya nyumbani aghalabu huwa na omu 8, au 4. Amplifaya yenye nguvu ya wati 50 hutoa volti zipatazo 20 inapofikia upeo wake. Gawanya 20 kwa 8, utapata mkondo wa ampea 2.5. Huo ni mzigo wa kawaida, nayo imeundwa kuubeba. Lakini amplifaya ya transista, ukiitazama kutoka upande wa matundu yake ya spika, ina ukinzani mdogo mno, kama sehemu moja ya kumi ya omu au pungufu. Basi amplifaya ya kwanza, badala ya kuiona spika tu, huiona pia ile ya pili imekaa kama kipande cha chuma kilicholazwa juu ya waya mbili. Gawanya 20 kwa 0.1, utapata ampea 200. Hiyo ni hesabu ya karatasi, kwani hakuna amplifaya ya nyumbani iwezayo kutoa mkondo kama huo. Lakini katika kujaribu kwake, fyuzi hukatika ukiwa na bahati, na transista huungua usipokuwa nayo.

Na ile hoja ya koplo, kwamba nyingine imezimwa? Amplifaya iliyozimwa si sawa na amplifaya iliyokatwa waya. Umeme unaorudi kinyumenyume katika matundu yake waweza kupata njia ndani ya transista zake. Ni kweli kwamba baadhi zina relei ndani, yaani swichi ya sumaku inayozitenga spika pale chombo kinapozimwa. Lakini si zote zilizo nayo, na hata ile iliyo nayo haitamzuia mtu wa siku ya tano.

Kinachohitajika basi ni swichi ya kuhamisha, iwekwe kati ya amplifaya na spika. Spika hufungwa katika matundu ya katikati ya swichi, amplifaya ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa pili. Hapa askari ataelewa upesi kuliko raia, ila lazima aigeuze desturi yake. Katika lindo, mlinzi wa zamani haondoki mpaka mwenzake afike. Hakuna dakika ambayo lango laachwa tupu. Swichi hii yapasa kufanya kinyume kabisa: wa zamani aondoke kwanza, lango libaki tupu kwa nukta moja, ndipo mpya aingie. Wakikutana langoni hata kwa kitambo kidogo, yale ya ampea 200 yanarudi. Zipo swichi za kuzungusha ambazo hushika upande mpya kabla ya kuuachia wa zamani. Hizo zina kazi zao mahali pengine, si hapa. Mwambie muuzaji kwamba unataka inayoachia kwanza, na ikiwa ina nafasi tupu katikati, ni bora zaidi. Iwe ya kubeba ampea 10.

Tena iwe na njia nne. Watu wengi hununua ya njia mbili, wakahamisha waya nyekundu za spika mbili tu, na waya nyeusi wakazifunga pamoja zote, kwa kuwa wameambiwa kwamba nyeusi ni ya ardhi. Mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini si siku zote. Amplifaya nyingi ndogo za kisasa, zile nyepesi zinazoshikika kwa mkono mmoja, hutoa umeme katika waya zote mbili, nyekundu na nyeusi. Ukiiunganisha nyeusi yake na nyeusi ya chombo kingine, umeitia shoti. Kwa hiyo hamisha zote nne: nyekundu na nyeusi ya kulia, nyekundu na nyeusi ya kushoto. Visanduku vyenye vibonyezo vingi, vilivyoundwa kwa kugawa amplifaya moja katika spika kadhaa, visigeuzwe kwa kazi hii. Vibonyezo viwili vyaweza kubonyezwa pamoja, na katika vingine waya nyeusi zimekwisha kuunganishwa ndani.

Amplifaya ya valvu, ikiwa kambi yenu bado inayo, ina tabia nyingine. Ile ya transista huogopa shoti, wala haidhuriki ikiachwa bila spika. Ya valvu huogopa kuachwa bila mzigo, kwani volti hupanda ndani ya transfoma yake ya kutolea sauti hata zikatoboa kinga ya waya. Hiyo izimwe kabla ya kugeuza swichi.

Mimi binafsi, kabla ya kununua swichi yoyote, hutazama kwanza nyuma ya amplifaya mpya. Baadhi zina matundu mawili ya kutolea sauti kabla haijakuzwa. Yakiwapo, waya nyembamba hutoka hapo hadi katika matundu ya kuingizia sauti ya amplifaya ya zamani, yale yaliyoandikwa AUX. Spika hubaki katika ya zamani daima. Sauti ya mpira hupitia humo, na muziki pia. Wakati wa mpira zote mbili zitawashwa, na kitufe cha sauti cha ile ya zamani kitawekwa penye alama moja iliyochorwa kwa rangi, ili asiwepo wa kubahatisha. Lakini waya hizo zisichukuliwe kutoka matundu ya spika kamwe. Huko volti ni nyingi mno kwa AUX.

Wenye swichi wakimaliza kazi, wasiwashe chochote bado. Chomoa amplifaya zote mbili katika umeme, kisha chomoa waya zao upande wa amplifaya, ubaki na waya na swichi tu. Chukua mita, igeuze katika kipimo cha omu, gusa waya ya amplifaya ya kwanza na kila waya ya amplifaya ya pili, swichi ikiwa upande huu, kisha upande ule, kisha katikati. Spika nazo ziwe zimefunguliwa, zisije zikaidanganya mita. Mahali popote mshale utakapocheza, pana waya mbili zinazogusana; fungua sanduku, itafute lehemu iliyomwagika, uanze kupima upya.