Kununua Runinga: Tutazame Nini, na Tununue Wapi



Kila Idd inapokaribia na maduka yakaanza kutundika mabango ya bei nafuu, huwa tunaulizwa barazani na kwa simu suala lile lile: tununue runinga gani, na tuinunue wapi? Huenda mtu akastaajabu suala kama hili kupelekewa watu ambao kazi yao ni kusomesha vitabu. Lakini anayeulizwa kuhusu runinga kabla haijanunuliwa ndiye huyo huyo anayeitwa kusuluhisha ugomvi ikisha kuharibika, na ugomvi wa namna hiyo tumeketi kuusuluhisha mara nyingi kuliko tulivyopenda. Juu ya yale yanayotazamwa humo ndani yamekwisha semwa mengi, na yatasemwa mengine. Leo tunakizungumzia chombo chenyewe, na pesa ya jasho inayokilipia.

Tuanze na ukubwa, kwani hapo ndipo wengi wanapopotea. Inchi za runinga hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, wala si upana. Runinga ya inchi 43 ina upana wa kiasi cha sentimita 95, na ya inchi 55 ina upana wa kiasi cha sentimita 122. Sasa tuzitazame nyumba zetu. Vyumba vya nyumba za kale za Mombasa na Lamu ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Mwenye kuketi akiegemea ukuta mmoja na runinga ikawa ukuta wa pili, baina yao hapana zaidi ya mita mbili na nusu au tatu. Masafa mazuri ya kutazama ni kiasi cha mara moja na nusu hadi mara mbili na nusu ya ule mshazari. Kwa chumba kama hicho inchi 43 inatosha kabisa, na ya 50 ndiyo mwisho. Tumeona runinga ya inchi 65 ikiwa imeziba nusu ya dirisha, na wenyeji wakiitazama kwa kugeuza shingo kama watu walio kandokando ya mpira wa meza.

Baada ya ukubwa huja wingi wa nukta za picha. Runinga nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768, nazo kwa kipimo hicho hazina neno. Kuanzia inchi 43, tafuteni isiyopungua 1920 kwa 1080. Ile inayoitwa 4K ina nukta 3840 kwa 2160, na muuzaji atakusifia mpaka uone haya kukataa. Lakini matangazo ya bure tunayoyapata kwa antena hayarushwi kwa kiwango hicho. Faida yake humfikia mwenye intaneti ya kasi nyumbani. Netflix wenyewe hupendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha za 4K. Asiyekuwa nayo asiongeze shilingi moja kwa ajili ya herufi hizo.

Jambo ambalo watu husahau kuliuliza ni kipokezi cha matangazo. Nchi yetu ilizima matangazo ya analogi mwaka 2015, na mfumo unaotumika tangu hapo ni DVB-T2. Runinga yenye kipokezi hicho ndani yake hupata idhaa za bure kwa antena tu, bila king'amuzi pembeni. Hapa tunawakumbusha hasa wale wenye ndugu ughaibuni, maana si nyumba chache za pwani zilizopokea runinga kutoka Dubai, Muscat au kwingineko. Runinga iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ina kipokezi cha ATSC, na ya Japani ina cha ISDB-T. Hizo hazitashika idhaa zetu bila king'amuzi, na baadhi yake hazistahimili umeme wetu wa volti 240, kwa kuwa zilitengenezwa kwa volti 120 au 100. Itazameni karatasi iliyobandikwa nyuma. Ikiwa imeandikwa 100-240V, umeme si tatizo. Iliyotoka Ghuba mara nyingi huwa sawa kwa umeme, na hata plagi za Dubai ni kama zetu, lakini dhamana yake aghlabu hubaki huko huko ilikonunuliwa. Ikiharibika Kisauni, ndugu aliye Dubai atakachoweza kukutumia ni pole.

Kuhusu runinga za kisasa zinazoingia intaneti, ulizeni zinaendeshwa na mfumo gani. Samsung hutumia Tizen, LG hutumia webOS, na kampuni nyingine nyingi hutumia Google TV. Zipo runinga za bei ya chini zilizowekewa Android isiyo na idhini ya wenyewe; programu zake hufunguka dukani, kisha baada ya miezi zikakataa au zikawa nzito kama mkokoteni uliotoboka gurudumu. Mwambieni muuzaji afungue programu mnayoitaka mbele yenu, kwa intaneti ya simu yenu.

Sasa tuje kwenye uimara, ambao ndio moyo wa suala. Runinga za leo ambazo wengi wetu tunaweza kuzinunua ni vioo vinavyomulikwa kwa nyuma na taa ndogo ndogo za LED. Aghlabu kinachokufa kwanza ni taa hizo. Sauti hubaki, picha hupotea. Zimeni taa za chumba, sogezeni tochi karibu na kioo. Mkiona picha hafifu kama kivuli, basi kioo kizima, taa ndizo zilizoungua, na fundi anaweza kuzibadilisha. Kioo kikipasuka, gharama ya kukibadilisha hukaribia bei ya runinga mpya, na dhamana huwa haiingii hapo. Kinachoziua taa mapema ni joto, na joto huletwa na mwangaza uliowekwa juu kabisa, kama runinga nyingi zinavyokuja kutoka dukani. Ukiupunguza hadi nusu utaongeza maisha ya runinga na kupunguza tokeni za stima. Runinga inayotumia wati 80, ikiwashwa saa tano kwa siku, hula yuniti 12 kwa mwezi.

Pwani yetu nayo ina maadui wake. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula shaba na risasi za ndani. Mijusi hupenda joto la nyuma ya runinga, na tumewahi kuonyeshwa na fundi mmoja mzoga wa mjusi uliokauka juu ya ubao wa umeme, chanzo cha hasara nzima. Umeme nao hukatika na kurudi kwa kishindo. Kifaa cha kulinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, kile kinachochelewesha umeme kidogo kabla ya kuupitisha, kinunuliwe siku ile ile, si baada ya msiba. Na radi zikianza msimu wa masika, chomoeni plagi na waya wa antena pia.

Inunuliwe wapi? Tunapendelea duka lenye mlango, lenye mtu anayejulikana, na lililo karibu kiasi cha kufikika kwa nauli ya matatu moja. Mawakala wa kampuni zenyewe na supamaketi kubwa huwa ghali kidogo, lakini dhamana yao ina mahali pa kwenda. Maduka ya mjini yanayopakana na Digo Road na Moi Avenue hupunguza bei, na humo mna wauzaji waaminifu tunaowaamini kwa amana kubwa kuliko runinga. Mna na wengine. Kununua Luthuli Avenue, Nairobi, na kuletewa kwa basi ni rahisi kwa bei, ila ukumbuke njia hiyo hiyo utairudia na mzigo mgongoni ikikataa. Kwa wanaonunua mtandaoni kama Jumia au Kilimall, tazameni muuzaji ni nani hasa, kwani mwenye tovuti na mwenye bidhaa si lazima wawe mmoja, na someni muda wa kurudisha kabla ya kulipa.

Popote mnaponunua, itazameni stika ya ISM ya Shirika la Viwango, KEBS, ambayo bidhaa zilizoagizwa kutoka nje hupaswa kuwa nayo. Shirika hilo lina namba 20023 ya kuthibitisha alama zake kwa ujumbe mfupi. Soma jina la kampuni herufi kwa herufi. Waigizaji huongeza au huondoa moja wakitegemea haraka yetu. Kisha ifunguliwe dukani. Tunashauri mje na flashi yenye picha tano zisizo na kitu ila rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Juu ya rangi tupu, nukta iliyokufa, doa au kivuli cha pembeni hakijifichi. Jaribuni sauti, kila tundu la nyuma, na rimoti. Ni dakika ishirini. Muuzaji anayekasirika kwa dakika ishirini, mtapata tabu naye kwa miaka miwili.

Mwaka jana alitujia mama mmoja auzaye mahamri na mbaazi asubuhi. Alikuwa ameweka akiba miezi 14 hata akapata shilingi 24,000, akanunua runinga ya inchi 43 kwa ajili ya mumewe, ambaye kiharusi kilimlaza kitandani na siku zake zikawa ndefu. Siku ya kumi na tisa picha ikazimika, sauti ikabaki. Aliirudisha dukani kwa tuktuk mara tatu. Muuzaji, kijana wa umri wa mwanawe, alimwonyesha kibao cha ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. "Mama, hiyo ni stima ya kwenu," akamwambia. Tulipokwenda naye, tukaiomba risiti. Ilikuwa imeandikwa "TV 43" basi. Hapana modeli, hapana namba ya chombo. Kijana akasema hawezi kujua kama ndiyo hii. "Mwanangu," yule mama akamjibu, "mimi runinga ya pili ningeipata wapi?" Bahati njema mjukuu wake alikuwa ameipiga picha boksi siku ya kwanza kwa furaha yake tu, na namba ilionekana. Hapo mazungumzo yakabadilika. Taa zilibadilishwa bila malipo siku tisa baadaye. Nauli na siku ambazo mzee alikaa akitazama dari hazikulipwa na mtu.

Kibao kile kinastahili maneno mawili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na ya kufidiwa hasara iliyotokana na kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo inamlinda, ila kwa kasoro ambayo ungeiona ulipoikagua ni vigumu ikusaidie; ndiyo sababu ya zile dakika ishirini. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na imewekewa siku 60 za kumaliza shauri. Na katika fikihi ya madhehebu yetu ya Imamu Shafi, hiyari ya kurudisha kwa aibu iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa haiondoki kwa runinga kwa sababu muuzaji ameandika kwamba hana dhima. Lakini sharti lake ni kuharakisha: ukisha kuijua aibu ukaendelea kuitumia, umeiridhia. Basi mkiona kasoro, izimeni, mpigie muuzaji siku hiyo hiyo, na mumwandikie ujumbe ubakie kuwa ushahidi.

Kuhusu kulipa kidogo kidogo, wanavyuoni wengi wamejuzisha bei ya mkopo kuzidi bei ya taslimu, maadamu bei moja imekatwa na kukubaliwa kabla ya kuachana. Kinachoharibu ni faini inayoongezeka kila ukichelewa, kwani hiyo ni riba kwa jina jingine. Waliotegemea runinga za sola, ambazo nyingi hulipiwa kwa mtindo huo, wasome mkataba mpaka mwisho, wajumlishe malipo ya siku zote, kisha wailinganishe jumla hiyo na bei ya taslimu. Tumejumlisha pamoja na kijana mmoja wa Kilifi, akanyamaza kitambo, akakunja karatasi akaitia mfukoni.

Risiti iandikwe modeli na namba ya chombo, jina la duka, tarehe na muda wa dhamana. Runinga isafirishwe ikiwa imesimama ndani ya boksi lake. Kulazwa juu ya tuktuk ndiko kunakovunja vioo. Mkitaka kuitundika, jueni kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazishiki msumari wa kawaida. Plasta humomonyoka, na chombo kikaja chini usiku. Aitwe fundi anayezijua kuta hizo, atumie boliti ndefu zinazofika kwenye jiwe, au iwekwe juu ya meza pana mbali na mikono ya watoto. Wiki mbili za kwanza iwasheni kila siku kwa saa kadhaa, ili kama ina kasoro ijitokeze mapema, na boksi pamoja na sponji zake msizitupe mpaka muda wa dhamana uishe.