Kamba wapo kwenye barafu, namba imefungiwa

Wajasiriamali wenzangu, hili lilinigharimu, tena kwa kujitakia.

Nauza kamba na samaki kutoka Bagamoyo. Asubuhi nachukua mzigo soko la samaki, napiga picha, naweka stetasi, wateja wa Mapinga, Bunju na Tegeta wanaagiza. Duka langu lote ni namba moja ya WhatsApp. Kijana mmoja akaniambia, "Dada, mfanyabiashara mzima bado uko na WhatsApp ya kawaida?" Akanirushia faili la ile ya pembeni: unaficha tiki za bluu, unasoma meseji iliyofutwa. Simu ikanionya kabisa. Nikabonyeza kuruhusu, maana nani anasoma maonyo?

Wiki ya tatu, Jumamosi saa moja asubuhi, namba ikafungiwa kwa muda. Simlaumu mtu; WhatsApp wanasema wazi kuwa ukitumia programu za kuiga unaweza kufungiwa. Oda zote zilikuwa humo humo. Jioni kamba niliwatoa kwa hasara.

Na kufungiwa ni afadhali. Agosti 2021 wataalamu wa Kaspersky walikuta toleo la FMWhatsApp limebeba kirusi cha Triada, kinachoweza kukuunganisha na huduma za kulipia bila wewe kujua. Salio linakatwa, unalaumu mtandao! Oktoba 2022 wakakuta toleo la YoWhatsApp likiiba funguo za akaunti. Mwenye funguo hizo anaweza kuandika kama wewe. Hebu fikiria mteja wako anapata, kwa jina lako: "Ile hela tuma kwenye namba hii."

Sisemi kila kilicho nje ya Play Store ni kibaya. Huawei wana duka lao, AppGallery, Samsung nao wana lao. Lakini faili la kurushiwa, likiharibu utamdai nani?

Kama ulitaka namba mbili kwenye simu moja, weka WhatsApp Business, ni ya bure na ina katalogi ya bidhaa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kisha kwenye mipangilio ya simu tafuta ruhusa ya kuweka programu zisizojulikana, izime kwenye Chrome na kwenye WhatsApp. Ukiwa bado na matangazo yanayojitokeza yenyewe, fungua mipangilio ya tovuti ndani ya Chrome, sehemu ya arifa, uondoe tovuti usizozijua. Mimi nilikuta tano.

Na meseji ya "tuma kwenye namba hii" ikikufikia, iripoti TCRA kwa kuituma 15040.